Kujitolea ng'ambo: karatasi kwanza, begi baadaye

Barua ya kukubaliwa ikifika, wengi hukimbilia kununua begi. Tulia. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), vipange mezani, usome majina herufi kwa herufi. Mimi, mwaka wa nne wa uhandisi wa ujenzi, nilijikuta Muhammad kwenye kimoja na Mohamed kwenye kingine. Rekebisha hilo kabla ya lolote, la sivyo kosa litakufuata hadi kwenye viza.

Halafu pasipoti. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, fungua huduma za Idara ya Uhamiaji, ujaze fomu. Utahitaji mtu mzima anayekufahamu akupendekeze, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Lipa kwa M-Pesa kupitia nambari 222222. Jamaa wa saiba, pale unapokodi kompyuta, akikupa nambari yake binafsi, funga kikao uondoke. Chagua siku, kisha uende Nyayo House, ofisi za uhamiaji Nairobi, na vyeti vyenyewe na nakala zake. Kama pasipoti tayari unayo, tazama inaisha lini, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe imebaki na angalau miezi sita.

Cheti cha maadili mema, kile mtaani tunaita gudi kondakti, huombwa pia eCitizen, upande wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya alama za vidole, C24, kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Alama zenyewe unaweza kuzitoa Huduma Centre ya GPO, posta kuu ya Nairobi, au makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu.

Hapo ndipo sisi watu wa maabara huumbuka. Wiki yangu ilikuwa ya kumimina zege kwenye vibweta vya milimita 150, na saruji ilikuwa imenila ngozi. Karani alibonyeza kidole gumba mara tatu, kikatoa doa jeusi tupu. "Kijana, wewe ni wa mjengo?" Nikarudi wiki iliyofuata. Kwa hiyo kaa mbali na saruji siku kadhaa, paka mafuta usiku, na asubuhi nawa kwa sabuni yaishe kabisa, maana wino haushiki kwenye mafuta.

Barua ya mapendekezo ya mkuu wa idara yako chuoni iombe mapema, kabla ya mitihani kumzidi. Mwandikie pembeni kazi ulizofanya: mtaro uliopima, pampu uliyofungua. "Ana ari ya kujitolea" kila mtu anayo.

Wanaoomba kupitia UNV, shirika la Umoja wa Mataifa la watu wa kujitolea, wajisajili kwenye tovuti yake wenyewe. Halitozi ada, kwa hiyo anayedai pesa ya kukuwekea nafasi ni tapeli.

Mwisho, chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kisha ni cha maisha. Hesabu siku hizo kabla ya kukata tikiti.