Karatasi za radioterapi: namna ya kuzichunga miaka na miaka

Kama ulipita radioterapi, ni kusema kutibu kansa na miale, iwe ku hospitali ya Kanombe kule Kigali ama Kampala, usirudi Goma bila raporo ya matibabu. Si fakture, si ordonansi, raporo. Angalia kama inasema miale ilipigwa fasi gani ya mwili, dozi yote ni grey ngapi, kile kipimo cha miale (mufano grey 50 kwa seansi 25), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na dawa za kimioterapi zenye walikupa.

Juu ya nini? Juu miale inagusaka pia seli nzuri za pembeni, na pale, polepole sana, kansa ingine mupya inaweza anza. Ile ya damu inaweza kuja mapema, miaka 5 hivi, lakini uvimbe unakawia, 10, 20, hata zaidi. Haipate watu wengi, na tafazali usikatae radioterapi juu ya hii, ile kansa uko nayo leo njo inaua mbio.

Mama mukubwa wangu alitibiwa shingo ya kizazi 2020. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ikalipuka, tukakimbia Sake na karatasi zake ndani ya sakoshi, mvua ikatukuta, asubui tunafungua wino yote imetiririka, pale paliandikwa dozi pamebaki bluu tu. Basi piga picha kila ukurasa muchana, zitume kwa mutoto mwenye iko mbali, jitumie na kwa imeli maana simu zinaibiwaka. Zikipotea, uliza pale ulitibiwa, enda na jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya fishi.

Kuangalia kama kansa mupya inakuja sasa, inategemea fasi yenye ilipigwa miale. Mwanamke mwenye alipigwa miale ku kifua akiwa kijana, mufano juu ya limfoma ya Hodgkin (kansa ya tezi), matiti yaangaliwe kila mwaka, kuanzia miaka 25 ama miaka 8 kisha miale, ile yenye inakuja nyuma. Na sigara aache, hapo hakuna mazungumuzo. Ku shingo, munganga apapase tiroidi, ile tezi ya mbele ya shingo.

Chini ya tumbo: damu ndani ya mukojo ama choo, usiinyamazie. Haimaanishe moja kwa moja kansa, miale yenyewe inaachaka vidonda ku kibofu na ku utumbo wa nyuma. Hapa njo watu wanakosea: wanaona haya, munganga anaingiza kamera bila kujua habari ya miale. Mwambie mbele aanze! Juu kukata kanyama ka kupima ku ukuta wa ule utumbo kunaweza acha kidonda chenye hakiponi, hata tundu.

Raporo ya mama mukubwa waliichapa tena. Sasa iko ndani ya simu tatu, na kopi moja ya karatasi nimeifunga ku plastiki, inalala ndani ya Biblia yake, juu ile hawezi kimbia bila kuibeba.