Somo: Kuchagua taa za ziada za gari la njia mbaya

Taa za ziada hunadiwa kwa wingi wa lumeni, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Lumeni ni jumla ya nuru yote inayotoka kwenye taa. Haisemi nuru hiyo inaangukia wapi. Kinachomfaa dereva ni luksi, yaani nuru inayofika pale anapotazama.

Hatua ya 1: Anza na mwendo wako. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva wa barabara ya changarawe anahitaji mwali mwembamba unaofika mbali. Anayepanda miamba kwa mwendo wa kutambaa anahitaji mwali mpana, umwonyeshe kingo za njia na mahali tairi litakapokanyaga. Ukiendesha kote kuwili, funga jozi moja ya kila aina, kila jozi na swichi yake.

Hatua ya 2: Soma vipimo kwa jicho kali. Umbali wa taa hutajwa pamoja na kiwango cha luksi, ambacho kwa kawaida ni luksi 1. Wapo wanaopima kwa luksi 0.25, ambayo ni takriban mbalamwezi. Kwa kuwa nuru hupungua kwa mraba wa umbali, taa inayofika mita 500 kwa luksi 1 huandikwa mita 1,000 kwa kipimo hicho cha pili, ilhali ni taa ileile. Tangazo lisilotaja luksi kabisa, mimi silihesabu.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kufunga. Taa za juu ya paa huonekana za kishujaa, lakini humulika boneti, na kwenye vumbi mwali wake hupita mbele ya macho ya dereva na kumrudishia weupe mtupu. Kwa vumbi na ukungu, taa pana iliyofungwa chini kwenye bampa hufaa zaidi. Kishikio kiwe kigumu, kwa sababu taa inayotikisika huchezesha vivuli na kuchosha macho.

Hatua ya 4: Pima umeme kabla ya kununua. Taa mbili za halojeni za wati 100 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 17, mzigo usiofaa kupitishwa kwenye swichi ya dashibodi. Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa: pini ya 30 ipokee moto wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 ipeleke kwenye taa, 86 ipokee ishara ya taa kali (full) kupitia swichi, na 85 iende ethi, yaani kwenye bodi ya gari. Usibane matumizi kwenye waya, kwani halojeni inayopungukiwa volti kwa asilimia 5 hupoteza takriban asilimia 15 ya nuru yake.

Maswali ya wanachama

*Swali: Ndugu mwalimu, nikiwasha taa zangu za LED, redio ya mawasiliano inakoroma. Nifanyeje?*

Jibu: Chanzo ni saketi inayodhibiti umeme ndani ya taa. Tenga waya za taa na waya wa antena, kisha uvishe waya za taa pete za feraiti, ambazo huzuia mvumo wa umeme. Ikishindikana, badilisha taa. Kabla ya kulipia taa nyingine, iwashe taa hiyo huku redio ikiwa karibu, usikilize.

*Swali: Je, naweza kuziwasha kwenye barabara ya umma?*

Jibu: Fuata sheria ya nchi uliyomo. Katika nchi zinazofuata kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, taa kali zote zinazowaka pamoja hazipaswi kuzidi kandela (kipimo cha ukali wa mwali) 430,000. Tazama kioo cha taa: kuna herufi E ndani ya duara na namba ya rejea, na jumla ya namba hizo isizidi 100, ukihesabu na taa kali za gari lenyewe. Taa isiyo na alama hiyo iache kwa matumizi ya nje ya barabara.

*Swali: Taa yangu ni IP67, mbona imeingia maji nilipovuka mto?*

Jibu: IP67, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, hupimwa kwa kuzamisha taa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, si kwa kuitumbukiza ikiwa imepata moto. Hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hunywea, na kuvuta maji kupitia mpira wa kuzibia. Izime mapema ipoe kabla hujaingia mtoni.