Jinsi ya kuonyesha Sambizanga mtaani kwenu

Sambizanga ni filamu ya 1972 ya Sarah Maldoror, mwanamke mweusi mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Guadeloupe. Ni Angola, mwaka 1961: Domingos, dereva wa trekta, anakamatwa na polisi wa wakoloni wa Kireno. Mkewe Maria anafunga mtoto mgongoni na kwenda kwa miguu kumtafuta, kituo hadi kituo. Angola vita ilikuwa bado inapiganwa, kwa hiyo filamu ilipigwa Kongo-Brazzaville. Mwaka 2021 World Cinema Project, mradi wa kuokoa filamu za zamani, na Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia, waliikarabati, na ukiiona sasa utashangaa udongo ulivyo mwekundu.

Sisi tuliionyesha bure Dar es Salaam, kwenye ua wenye mwembe. Nitaeleza tulivyofanya, na tulipochemka.

Hatua ya 1: Ruhusa

Diski uliyonunua ni ya sebuleni kwako. Haikupi haki ya kuonyesha hadharani. Mwandikie msambazaji miezi miwili kabla: tarehe, mahali, watu wangapi, kiingilio kipo au hakuna. Kama ni bure, sema mapema, maana bei hutegemea hayo. Kwa Tanzania kuna pia Bodi ya Filamu, inayokagua filamu na kuzipangia madaraja. Halafu mwone mwenyekiti wa mtaa, na kama kuna msikiti au kanisa jirani, nenda mwenyewe kwa miguu yako. Barua haitoshi.

Hatua ya 2: Faili

Usikubali DCP. Hiyo ni ya kumbi za sinema, na mara nyingi imefungwa kwa ufunguo unaokubali projekta moja tu kwa saa zilizopangwa. Omba MP4 inayocheza kwenye laptopu, isiyo na maandishi ya Kiingereza yaliyogandishwa kwenye picha.

Hatua ya 3: Kiswahili

Hapa ndipo kazi ilipo. Filamu ina Kireno kingi, na bibi aliyekuja na mkeka wake hajaja kusoma Kiingereza. Andika tafsiri kwa programu ya bure kama Subtitle Edit, mistari isizidi miwili. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kata. "Hatujamwona tangu walipomchukua" ikawa "Hatujamwona tena." Kuhusu wapigania uhuru wanavyoitana tulibishana nusu saa nzima: komredi au ndugu? Ndugu ikashinda. Wazee wa Dar es Salaam, mji uliokuwa na ofisi za wapigania uhuru wa Angola (MPLA) na wa Msumbiji (FRELIMO), hawahitaji kuelezwa.

Kosa letu: tulitafsiri tukitazama kopi ya zamani, iliyokwenda picha 25 kwa sekunde. Faili iliyokarabatiwa ilikwenda 24. Mwanzoni hakuna aliyegundua kitu. Ilipofika saa nzima, maandishi yalikuwa yametangulia kwa zaidi ya dakika mbili, Maria anajibu swali ambalo hajaulizwa. Bahati ilikuwa jaribio, siku tatu kabla. Pima kwa faili ileile utakayoonyesha, mpaka mwisho.

Kwa wasiosoma tuliweka msimulizi mwenye maiki, kama kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Ila huyu tulimfunga mdomo kwa makubaliano: atafsiri mazungumzo tu. Msimulizi wa kibanda amezoea kujaza kila ukimya, na filamu hii nusu ya uzito wake ni mwanamke anayetembea. Maria akiwa njiani, maiki inazimwa. Mimi mwenyewe nilishika swichi.

Hatua ya 4: Vifaa

Projekta ya lumeni 3,000 au zaidi, kwa sababu picha za gerezani ni za giza. Shuka jeupe zito, lililokazwa kamba pande zote nne. Upepo wa baharini hauna adabu. Usivute picha ijaze shuka, acha umbo lake. Spika mbili kwenye stendi, kando ya shuka. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, na projekta na laptopu zichomekwe kwenye UPS, betri ya akiba. Kwetu umeme ulikatika mara moja, picha ikaendelea.

Hatua ya 5: Watoto

Watakuja, hata ukiandika nini kwenye tangazo. Filamu ina mateso ya gerezani. Tuliwawekea katuni saa kumi na mbili jioni, zikaisha, wakubwa wakawarudisha nyumbani. Filamu ikaanza saa mbili, baada ya Isha.

Hatua ya 6: Baada ya filamu

Usiwashe taa zote kwa mpigo. Usimwite mtaalamu pia. Mpe maiki mzee wa mtaa kwanza. Wa kwetu hakuzungumzia Angola hata kidogo. Aliuliza yule mtoto mgongoni alikuwa analia kweli au alifinywa. Watu wakacheka, kisha wakaanza kuongea wenyewe mpaka saa tano.

Kesho yake mtumie msambazaji idadi ya waliokuja, ya kweli, na ufute faili.