Jinsi ya Kumchagulia Mjusi wa Kufugwa Wadudu wa Kula

Anayefuga mjusi Mombasa hakosi wadudu: mende wamo jikoni, panzi wamo majanini, na mvua za masika zikianza kumbikumbi huzagaa chini ya kila taa. Wingi huo ndio unaowaponza wafugaji wengi, kwa sababu swali la kwanza si mdudu huyu ni wa aina gani, bali ametoka wapi. Mende wa nyumbani huenda amepita juu ya dawa iliyopulizwa kwa jirani, na sumu ambayo haijamuua yeye humfikia mjusi anayemla. Wadudu wa nyumbani na wa kando ya barabara waachwe kabisa.

Hata pasipopulizwa dawa pana wa kuepukwa. Kimetameta hata mmoja anaweza kumuua mjusi. Vilevile panzi wenye rangi kali, wanaotembea polepole bila woga na kutoa harufu mbaya wakishikwa, huwa wamehifadhi mwilini sumu ya mimea waliyoila.

Kwa mjusi anayekula wadudu (maana wapo wala majani, kama iguana, wasiopaswa kulishwa hivi), msingi wa mlo uwe nyenje wa kufugwa, ambao urefu wao hauzidi nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili. Mabuu ya nzi chuma (black soldier fly), yanayofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku, ni nyongeza nzuri sana kwa kuwa yana kalsiamu nyingi, ila muuzaji aulizwe yamelishwa nini. Funza wa unga wana mafuta mengi. Wapewe mara mojamoja.

Upungufu wa nyenje ni kwamba fosforasi yao huizidi kalsiamu mara nyingi, ilhali mjusi anahitaji takriban sehemu mbili za kalsiamu kwa moja ya fosforasi. Asipoipata, taya hulainika na miguu hupinda. Kwa hiyo nyenje walishwe vizuri siku moja au mbili kabla ya kuliwa: sukuma wiki ya soko la Kongowea inafaa kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una oksaleti inayoizuia kalsiamu isitumike mwilini, na kipande cha karoti huwapa maji bila kuwazamisha kama bakuli. Wakae juu ya trei za mayai katika chombo kinachopitisha hewa, kwani unyevu wa Pwani huwaua upesi wakifungiwa.

Unga wa kalsiamu unaweza kutengenezwa kwa mfupa mweupe wa ngisi unaotupwa ufuoni na maji, ule mwepesi unaokwaruzika kwa ukucha. Ulowekwe siku kadhaa katika maji ya bomba yanayobadilishwa ili chumvi itoke, uanikwe, utwangwe na kuchekechwa. Nyenje watiwe ndani ya mfuko pamoja na unga kidogo, watikiswe taratibu mpaka wawe weupe, kisha mjusi apewe papo hapo kabla hawajajipangusa. Mjusi asiyeota jua hukosa pia vitamini D3, inayouwezesha mwili kuitumia kalsiamu, na jua linalopitia kioo cha dirisha halimsaidii.

Nyenje ambao hawajaliwa baada ya robo saa hivi waondolewe, kwani wakishikwa na njaa usiku humng'ata mjusi akiwa amelala.