Jinsi ya kumfunza straika kijana kufunga kama Klose

Kwa makochi wa mtaa hapa Kisumu, kama uko na kijana wa miaka 13 au 14 anataka kuwa straika na hana mbio, tafadhali usimpeleke beki haraka hivyo, kwanza mfunze mambo ya Miroslav Klose, yule straika wa zamani wa Ujerumani. Huyo alizaliwa Opole, Poland, wakahamia Ujerumani akiwa mdogo, akasomea ufundi wa mbao na kucheza ligi za chini, Kaiserslautern wakamchukua 1999 akiwa tayari na miaka 21. Alistaafu timu ya taifa na magoli 71 kwa mechi 137, na 16 kati ya hayo ni ya Kombe la Dunia.

Anza na kichwa. 2002 alifunga matano Kombe la Dunia na yote yalikuwa ya kichwa, matatu siku ile Saudi Arabia walichapwa 8-0. Lakini usimrushie mtoto mpira mgumu, ataumia na ataogopa, funga matambara na kamba vile tulikuwa tunafanya zamani, upake majivu, usimame hatua tatu kutoka kwake urushe polepole. Akishapiga mwangalie uso. Majivu yakiwa juu kwa nywele, aliinama akafunga macho, yakiwa kwa pua, alikuwa anaungoja tu, unataka alama katikati ya paji la uso. Mara kumi kwa siku zatosha. Kijana wangu mmoja hapa Nyalenda alifunga macho wiki mbili nzima na mimi nampigia kelele tu, mpaka nikashona mipira miwili, mmoja mwekundu na mwingine wa bluu, nauficha mgongoni halafu naurusha, yeye lazima ataje rangi kwa sauti kabla hajaupiga. Siku ya tatu macho yalikuwa wazi. Kelele hazikusaidia hata kidogo, nasema ukweli.

Sasa posti ya mbali, na hapa ndio kuna kazi yenyewe. Vijana wetu kona ikipigwa wote wanakimbilia mpira. Klose 2014 aliingia kama sub dhidi ya Ghana, dakika chache tu kona ikapigwa, mwenzake akaugusa kwa kichwa na yeye akatokea posti ya pili akiteleza akausukuma ndani. Weka jiwe nyuma ya posti ya mbali, straika aanzie hapo, na asitoke mpaka mguu wa mpigaji uguse mpira.

Halafu afuate kila shuti la wenzake. Lile goli la 16, mechi ya 7-1 na Brazil, kipa alitema shuti lake la kwanza na akaumalizia mwenyewe. Piga mashuti kumi kwa kipa, straika akimbie yote kumi hata kama yanadakwa.

Na mwambie pia hii, 2012 Klose akiwa Lazio, klabu ya Italia, alifunga kwa mkono dhidi ya Napoli akamwambia refa, goli likafutwa, na Lazio wakapigwa 3-0. Mimi mazoezini goli la mkono likisemwa na mfungaji mwenyewe, timu yake inapewa mpira waanze.

Ile sarakasi yake ya kupinduka hewani akifunga, wazuie kabisa kwa hizi viwanja zetu za kokoto, wangojee mpaka mfike mchangani.