Mwendo unaoweza kuusimamisha: mwongozo kwa wenye pikipiki za cc 100 hadi 150

Karibu kila dereva wa bodaboda anajua pikipiki yake inakimbia mpaka ngapi. Wachache wanajua inasimama kwa mita ngapi, na hiyo ndiyo namba inayopaswa kuamua mwendo.

Chukua pikipiki yenye dereva na abiria mmoja, lami kavu, breki zote mbili nzima, na dereva aliye macho ambaye breki zinaanza kushika sekunde moja baada ya kuiona hatari. Akiwa 40 kwa saa, mita 11 zinapita kabla breki haijashika, kisha zinakuja mita 12 za kusimama: jumla 23. Akiwa 50 ni mita 33. Kwa 60 ni 45, kwa 80 ni 71, na kwa 100 ni 105, yaani uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Ndiyo maana 80 haifanani hata kidogo na 40.

Sasa mtoto achomoke mbele ya daladala iliyosimama, mita 33 kutoka ulipo. Aliyekuwa 50 anasimama mbele yake. Aliyekuwa 60 anafika pale akiwa bado na 38, mwendo unaotosha kuua. Aliyekuwa 80 anampiga akiwa na 70, kwa sababu mita 22 kati ya zile 33 zimekwisha kabla hajagusa breki. Kipande chenye kibao cha 50 kimewekewa kibao hicho kwa sababu ya hesabu hii, hata siku ambayo hakuna askari mwenye tochi ya kupima mwendo.

Na kinachopatikana kwa mbio ni kidogo. Kilomita 10 kwa 60 ni dakika 10. Kwa 80 ni dakika saba na nusu. Dakika mbili na nusu hizo utazipata ikiwa hakuna mataa, matuta wala foleni. Mjini zinaishia kwenye taa nyekundu ya kwanza. Dereva anayefunga siku na hela nzuri huwa anajua njia za mkato, ana wateja wanaomwamini na pikipiki yake haishindi gereji.

Anza na breki zenyewe

Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma mbele na nyuma, au diski mbele na ngoma nyuma. Diski haimaanishi ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisifunge (lisiache kuzunguka na kuburuza) unapobana breki. India iliagiza kuwa kuanzia Aprili 2019 pikipiki mpya za juu ya cc 125 zinazouzwa kwake ziwe na ABS, na za chini ya hapo angalau ziwe na breki zilizounganishwa (ukibana moja, na nyingine inashika), lakini zinazosafirishwa nje si lazima ziwe hivyo. Kagua yako: karibu na diski ya mbele tafuta pete nyembamba yenye matundu mengi na waya mdogo wa umeme unaokuja mpaka hapo. Kama havipo, gurudumu lako litafunga ukibana vibaya.

Kwa ngoma, angalia mkono wa chuma unaozungusha kamu, kile kipande kinachosukuma shuu zibane ngoma. Una mshale, na ngoma ina alama. Bana breki mpaka mwisho. Mshale ukifika kwenye alama au kuipita, breki shuu zimekwisha, na kuendelea kukaza nati hakusaidii. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wanakaza nati kila wiki mpaka uzi unaisha, kamu inazunguka kupita kiasi, na siku ya kubana kwa nguvu inakwama au inaachia. Badilisha shuu, kisha rekebisha ili ncha ya mkono wa breki ya mbele icheze sentimita 1 hadi 2 kabla ya kuanza kushika, na pedali ya nyuma sentimita 2 hadi 3. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza mfululizo umekaza mno, ngoma itachemka na nguvu ya breki itapotea. Waya wa breki ya mbele huanza kukatika nyuzi pale unapoingia kwenye mkono wa breki, mahali usipopaona bila kuvuta mpira wake. Nyuzi mbili zikikatika, badilisha waya siku hiyo hiyo. Na fundi akipaka grisi kwenye kamu, iwe kidogo sana: ikifika kwenye shuu, shuu hizo ni za kutupa.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Kwa nyingi za daraja hili ni psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukibeba abiria; kitabu au kibandiko cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Tairi laini huyumba kwenye kona, tairi gumu kupita kiasi huruka kwenye mashimo na halishiki lami. Kabla ya kununua tairi jipya soma tarakimu nne zilizogongwa ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba iliyokaa dukani miaka mingi huwa ngumu hata kama vidoti vyake bado vimesimama. Cheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati. Helmeti ifungwe mkanda, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, ya abiria pia. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa kwa waliopata ajali inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ikishaanguka na mtu kichwani, haifai tena.

Jifunze kusimama kabla hujajifunza kukimbia

Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko mengine yote, na linachukua saa moja. Tafuta eneo la lami kavu lisilopita magari, lenye urefu wa mita 80 hivi, ufagie mchanga. Chora mstari kwa chaki. Vaa helmeti, viatu vya kufunika na suruali nzito, na usibebe mtu.

Njoo kwa 30, na gurudumu la mbele likigusa mstari simama kwa breki ya mguu peke yake. Hesabu hatua kutoka mstari mpaka ulipofika. Rudia mara tano. Kisha fanya hivyo hivyo kwa breki ya mkono peke yake, halafu zote mbili pamoja. Utaona ya mguu peke yake inakupeleka mbali sana. Sababu ni uzito: ukipunguza mwendo, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na linafunga mapema, wakati la mbele linakandamizwa na kupata nguvu ya kushika. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele. Wazo kwamba breki ya mbele inaangusha limefanya watu wengi waingie chini ya malori wakiwa wamekanyaga breki ya nyuma tu, tairi likiburuza.

Kinachoangusha ni kuinyakua. Ukibana ghafla, tairi linafunga kabla uzito haujafika juu yake. Kwa hiyo bana kwa hatua mbili: kwanza chukua ule mchezo mpaka usikie shuu zimegusa na shokapu za mbele zimeanza kuzama, kisha, bila kuachia, ongeza nguvu kadiri pikipiki inavyopungua mwendo. Yote hayo ndani ya sekunde moja. Mwili wima, mikono isikaze usukani, macho mbele kabisa na si kwenye tairi. Klachi ishikwe mwishoni, pikipiki ikikaribia kuzimika, kwa sababu injini nayo inasaidia kupunguza.

Tairi la mbele likifunga, utasikia usukani umekuwa mwepesi na kelele ya kuburuza: achia mara moja, kisha bana tena polepole. Likifunga la nyuma ukiwa umenyooka, punguza mguu kidogo kidogo; ukiachia ghafla huku mkia umeshakwenda upande, litashika tena kwa kishindo na kukurusha. Ukizoea kwa 30, nenda 40, halafu 50. Usiende 50 kabla hujasimama mara kumi mfululizo kwa 40 bila tairi kuburuza. Siku nyingine rudia na mtu mzima nyuma kwa 30, maana pikipiki yenye abiria inabanwa tofauti. Mshikaki wa watu wawili nyuma haufanyiwi mazoezi: uzito umepita uwezo wa ngoma na umekaa nyuma ya ekseli, tairi la mbele halina kitu cha kulikandamiza.

Mjini

Ajali ya kuiogopa kuliko zote ni gari linalotoka mbele yako likikata kulia na kupita katikati ya njia yako. Dereva yule mara nyingi ameangalia. Ameona kitu chembamba, na kitu chembamba kinachomjia moja kwa moja hakimwonyeshi kasi yake, kwa hiyo anaamini bado uko mbali. Ukiona indiketa ya kulia, au gari limesimama katikati likisubiri, achia mafuta, weka vidole juu ya breki ya mbele na mguu juu ya pedali. Hilo peke yake linaokoa karibu nusu sekunde, mita saba kwa 50. Angalia tairi lake la mbele, kwa sababu linaanza kuzunguka kabla bodi haijasogea. Usitegemee macho ya dereva. Washa taa ya mbele mchana kutwa.

Usipite daladala iliyosimama kituoni kwa mwendo unaozidi 20, kwa pande zote mbili: kushoto kuna mlango, kulia kuna anayevuka bila kuonekana. Kutanua pembeni kunakukutanisha na mchanga, na mchanga juu ya lami ni sawa na kukanyaga mahindi. Njia ya mwendokasi Dar es Salaam inavutia kwa sababu iko wazi, lakini basi lile la mita 18 haliwezi kukukwepa, limezungukwa na kingo pande zote.

Matuta na rasta: maliza kubana breki kabla hujafika, achia breki kabla gurudumu halijagusa tuta ili shokapu zinyooke, inuka kidogo kwenye vikanyagio. Anayebana breki juu ya tuta anaingia na shokapu zilizokwisha kuzama, na pigo lote linaenda kwenye rimu na uti wa mgongo.

Umbali nyuma ya gari pima kwa kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo, sema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ukiwa na abiria ongeza "elfu moja na tatu", na mvua ikinyesha fika nne. Dakika 15 za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi vinaelea juu ya lami; baadaye mvua inaviosha. Michoro ya zebra na vifuniko vya chuma vinateleza mpaka vikauke, vipite ukiwa umenyooka na bila breki.

Barabara kuu

Kulipita lori ndiko kunakoua huku. Lori lenye tela la mita 18 linakwenda 60, wewe uko 80. Ukianza mita 20 nyuma yake na kurudi upande wako mita 20 mbele, unahitaji sekunde 11, na ndani ya hizo umekwenda mita 240. Basi linalokuja kwa 80 nalo limekula mita 240. Unahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi kabisa, na hiyo ni kama tayari umeshafika 80. Pikipiki ya cc 125 yenye abiria ikipanda kilima haiongezi kutoka 60 kwenda 80 haraka, kwa hiyo hesabu inazidi. Kama huoni nusu kilomita, kaa nyuma, tena mita 50 nyuma, ambako unaona mbele ya lori na dereva wake anakuona kwenye kioo. Ukipita kichwa cha lori tegemea upepo utakusukuma. Shika usukani imara bila kuukaza.

Kona ingia polepole. Maliza breki ukiwa bado umenyooka, shusha gia, elekeza macho pale kona inapoishia, kisha fungua mafuta kidogo na uyashikilie hivyo. Ukiona inakutupa nje, usibane breki wala usitazame ukingo, kwa sababu pikipiki hufuata macho: kwenye kona ya kushoto sukuma mpini wa kushoto mbele, italala zaidi na kukata. Kwenye kona ya kulia kaa mbali na mstari wa kati, maana kichwa chako kikilala kinavuka upande wa pili kabla ya tairi.

Usiku, pima taa yako. Weka nguo nyeusi barabarani mahali salama, uje polepole na taa ya chini, usimame pale unapoiona kwanza, hesabu mita. Ukipata 35, mwendo wako wa juu usiku ni 50, kwa sababu 60 inahitaji 45. Hakuna ujuzi unaofuta hiyo. Ukiona majani yamewekwa barabarani, punguza palepale: mbele kuna gari bovu, mara nyingi halina taa.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, ingia na gia ya pili au ya tatu tangu juu na uache injini ikuzuie. Kushuka na gia huru ili kuokoa petroli kunaziachia ngoma kazi yote. Zinachemka, mkono wa breki unakuwa laini, na pikipiki haipungui tena. Ukianza kusikia harufu ya kuungua au breki inashuka zaidi ya kawaida, shusha gia, simama pembeni penye nafasi, usimwagie maji, subiri dakika 20 mpaka ngoma ishikike kwa mkono.