Kutaja namba kwa Kiingereza bila kupishana na mgeni

Kama unaendesha bajaji Mtwara mjini, unapokea wageni gesti kule Mikindani au unavusha watu kwenda Kilwa Kisiwani, namba ndo zinaleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote kwenye Kiingereza. Sarufi ikiharibika mgeni atakuelewa tu, ila ukimtajia "fifty" na ulitaka "fifteen" hapo mmeshagusa hela.

Tuanze na hiyohiyo. Wengi tumefundishwa 15 uzito unakaa mwisho, fif-TEEN, na 50 uzito unakaa mwanzo, FIF-ty. Ni kweli, ila ikifuatwa na neno jingine kama "fifteen thousand" Mwingereza mara nyingi anahamisha uzito kwenda mwanzo, sasa ukitegemea uzito peke yake umeumia. We sikiliza ile n ya mwisho, ivute kabisa ukitamka wewe, alafu malizia na tarakimu zake: "fifteen, one five". Fanya hivyo kuanzia 13 mpaka 19, kila siku, hata kama unaona mgeni ameelewa.

Laki nayo inasumbua sana, maana Kiingereza cha Uingereza na Marekani hakina laki, Wahindi ndo wanayo. Usianze kutafuta neno, andika namba kwenye simu uweke mkato, 350,000, alafu soma kilichopo kabla ya mkato kama namba ya kawaida, "three hundred and fifty", ukimaliza ndo unatia "thousand". Laki na nusu ni 150,000 kwahiyo "a hundred and fifty thousand". Sisi elfu inatangulia, kwao inakuja nyuma, na usiweke s: ni "five thousand", ile "thousands" ni pale ambapo hutaji ni ngapi. Mmarekani anaeza kukwambia "fifteen hundred", usishtuke, ni 1,500.

Saa unaijua, unatoa au unajumlisha sita, saa mbili asubuhi ni "eight", saa kumi na moja alfajiri ni "five". Ila angalia hii ya Waingereza: "half seven" ni saba na nusu, sio sita na nusu, yaani kwetu saa moja na nusu. Kama boti inaondoka muda huo mwandikie kabisa 7:30 na umuonyeshe.

Namba za simu wanasoma moja moja, sio kama sisi tunavyosema themanini na nne, na sifuri Waingereza wengi wanaiita "oh". Inayoanza 0774 utasikia "oh double seven four". Kwenye mpira sifuri inageuka "nil".

Kwa nyie mnaotembeza watu Kilwa na Lindi, miaka ndo kazi yenu, naomba muishike vizuri kwasababu hii historia ni yetu na inauma kuona inapotea kwa kutamka vibaya. Mwaka unakatwa vipande viwili: Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco, alifika Kilwa 1331, sema "thirteen thirty-one". Lakini hiyo ni karne ya 14, "the fourteenth century", na mgeni akisikia "thirteen" na "fourteen" kwa pamoja anadhani umechanganya, kwahiyo taja mwaka kwanza, alafu karne. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kule Lindi, kuanzia 1909 mpaka 1913, hapo ile "oh" inarudi: "nineteen oh nine". Na umri wa mifupa yenyewe ni kama miaka milioni 150, "a hundred and fifty million", milioni haina s hapo. Miaka ya 2000 mpaka 2009 wanasema "two thousand and nine", kuanzia 2010 wengi wanakata, "twenty ten".

Tarehe andika jina la mwezi tu, kwasababu 05/06 kwa Mwingereza ni tarehe tano Juni na kwa Mmarekani ni tarehe sita Mei, booking nzima inaharibika.

Na mgeni akikwambia analala "a couple of nights" usikimbilie kuandika mbili kwenye daftari. Kwa wengi ni mbili kweli, ila wapo wanaomaanisha mbili tatu hivi. Muulize palepale, "two or three?", ndo uandike.